Lori la Mota ya Waipa

Mvua ikinikuta ndani ya gari, dereva akawasha waipa, mimi hugeuza uso dirishani. Ule mlio wa nguu-nguu, nguu-nguu, unanipandisha joto mpaka masikioni. Abiria wenzangu hudhani nasikia kichefuchefu. Si kichefuchefu hata kidogo, ni aibu, tena ya zamani, na haijachuja.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi redio Kibondo mjini. Meza yangu ilikuwa barazani kwa mwenye duka mmoja, Mwislamu wa asili ya pwani, mtu wa maneno mengi na roho safi. Mbele yetu barabara ya vumbi, na malori ya chakula yakipita kutwa kwenda kambi za wakimbizi. Wakati huo nilikuwa nimeposa binti katika kijiji cha Murungu. Baba wa binti, mzee wa kanisa, hakukataa wala hakukubali. Alimwambia mshenga wangu, "Redio kila mtu anaifungua na kuifunga. Nitakuja mwenyewe nione kazi ya mikono yake, ndipo nijibu." Basi nikawa mtu wa kungoja. Kila mzee mwenye koti aliyetokea barabarani alinishtua moyo.

Cha kumwonyesha nilikuwa nacho. Padri mmoja mzee alinipa lori la kuchezea, la kuongozwa kwa redio, alilokuja nalo kutoka kwao enzi mimi nachunga mbuzi Kitahana. Usidhani ni kile kigari cha plastiki cha mnadani. Bodi yake ilikuwa ya bati, urefu wake kama mbuzi aliyelala, na lilikuwa na kisanduku cha kuongozea chenye antena ndefu. Ndani mlikuwa na kiinjini kinachokunywa mafuta ya peke yake, yananuka kama mafuta ya nyonyo, na mafuta hayo huyapati Kibondo wala Kigoma mjini. Kiinjini chenyewe kilikuwa kimegandana kwa kutu. Padri aliniambia, "Ukiliamsha, ni lako."

Nikaamua kuligeuza liwe la umeme. Nilikwenda Kasulu, nikachakura vyuma chakavu nyuma ya gereji mpaka mikono ikawa myeusi, nikapata mota ya waipa ya Landrova iliyokufa. Mota ya waipa haina mbio, lakini ina nguvu, na betri ya pikipiki inaitosha. Niling'oa kiinjini, nikaifunga mota mahali pake kwa vipande vya chuma cha kitanda, nikaiunganisha na ekseli kwa mnyororo wa baiskeli niliofupisha. Matairi yalikuwa yamepasuka, nikayavisha mpira wa katambuga, zile ndala za matairi. Bodi niliipiga msasa, nikaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa duka. Kile kidude kilichokuwa kikivuta waya wa mafuta nikakifanya kisukume kipande cha shaba: kikigusa hapa lori linasimama, kikigusa pale linatembea.

Jambo moja tu sikulimaliza. Kwenye kisanduku cha kuongozea, springi ya kijiti cha mwendo ilikuwa imeliwa na kutu, nami nikaitupa. Kwa hiyo kijiti kikawa kinabaki pale unapokiacha. Ukikisukuma mbele, lori linakwenda mpaka ukirudishe mwenyewe. Nilisema nitatafuta springi nyingine, lakini lori lilipotembea mara ya kwanza nilipiga kelele kama mwendawazimu, na habari ya springi ikaishia hapo.

Lilikwenda mwendo wa bata, lakini lilibeba tofali bila kulalamika. Mwenye duka aliangua kicheko. "Mashallah, fundi! Sasa abiria wanapandia wapi?" Nikamwambia acheke tu, mkwe wangu akiliona hili hatacheka. Nilikuwa na kiburi, jamani. Nililipenda lile lori kuliko ilivyofaa kwa mtu mwenye ndevu.

Siku moja ya soko nilikuwa nimelitoa mbele ya duka, watu wamenizunguka, nikaona wanapisha. Mzee wa Murungu huyo hapo, hatua chache kutoka niliposimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na haikuwa Jumapili. Ningekuwa na macho ya kuona ningejiuliza. Mimi niliwaza tu: amekuja kuona kazi ya mikono yangu, na kazi hii hapa inatembea.

Sasa, kwetu Waha mkwe hasalimiwi umeshika kitu mikononi. Unaweka chini ulicho nacho, unainama, unapiga makofi taratibu, naye anauliza, unajibu, anauliza tena, mpaka amalize mwenyewe. Salamu ya mkwe haikatwi. Niliinama mbio mbio kuweka kisanduku chini, na kidole gumba kikasukuma kijiti mbele.

"Mwakeye," alinisalimu kwa Kiha, akapiga makofi.

"Mwakeye, baba," nikajibu, na kwa pembe ya jicho nikaliona lori linaondoka kuelekea barabarani.

Akauliza nimeamkaje. Vizuri, tunamshukuru Mungu. Akauliza wazazi wangu wa Kitahana. Wazima, tunamshukuru Mungu. Lori likapita kando ya ndoo za mawese. Akauliza mvua, akauliza maharage, nami napiga makofi, mgongo umepinda, jasho linanitiririka, shingo inataka kugeuka naikataza. Kwa mbali nikasikia lori la chakula linashuka mlima, lile kubwa lenyewe, honi inalia. Mzee akasema kitu, nikajibu. Akasema tena, polepole, nami nikajibu tena vilevile, na moyoni naomba amalize, amalize, amalize!

Akaacha kupiga makofi. Akasema, "Haya, mwanangu," akaenda zake.

Sikumsindikiza. Nilitimua mbio barabarani. Lori langu lilikuwa limetumbukia mtaroni, limelala ubavu, magurudumu bado yanazunguka, halina hata mkwaruzo. Lori la chakula likapita na vumbi lake. Nililinyanyua nikalikumbatia, nikacheka kwa sauti, "Mungu mkubwa!" Mzee alikuwa hajafika mbali. Najua alinisikia.

Niliporudi barazani, mwenye duka alikuwa amesimama, mikono kichwani.

"Fundi, yule mzee umemjibu nini?"

"Salamu."

"Salamu! Innalillahi! Mzee amekwambia mama yake mzazi amefariki, wanazika kesho. Amekwambia amepita mwenyewe, hakumtuma mtu, kwa sababu wewe sasa ni wa nyumbani. Mara mbili amekwambia. Nawe mara mbili umemjibu, 'Vizuri sana, tunamshukuru Mungu.'"

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Jibu nililolingoja miezi yote lilikuwa limekuja hadi miguuni pangu, limevaa koti la msiba, nami nikalijibu kwa kushukuru kifo cha bibi yetu. Laiti ningekuwa mlevi, ningesema ni pombe. Nililifunika lori kwa gunia ili nisilione.

Kesho yake niliendesha baiskeli mpaka Murungu. Mara mbili niliteremka njiani nikataka kurudi. Nilipoingia uani, wanaume waliokuwa wamekaa kwenye magogo waligeuka wote wakanitazama, nikajua habari imenitangulia. Sikujua niweke wapi macho. Nilisimama mbele ya mzee.

Mzee aliinuka. Akaweka fimbo yake chini. Akaanza kupiga makofi.

"Mwakeye."

"Mwakeye, baba."

Akaniuliza nimeamkaje. Akaniuliza wazazi wangu wa Kitahana. Akaniuliza mvua, akaniuliza maharage, yote yale yale, kwa mpangilio ule ule, taratibu, watu wote wakisikiliza. Nilijibu kila moja, nikijua tunaelekea wapi. Kisha akanitazama machoni.

"Mama yangu ametutoka."

Nililia. Mtu mzima, mbele ya wanaume wote wale, nikalia kama niliyefiwa na mama yangu mwenyewe. "Pole, baba," nilisema. "Pole sana. Nisamehe."

"Sasa umesikia," akasema. Akaokota fimbo, akasogea kwenye gogo, nami nikakaa pembeni yake.

Lori hakuliulizia kamwe, na mimi sikumwonyesha. Liko juu ya kabati mpaka sasa, limechakaa upya. Lakini hutokea nimeinamia redio ya mtu, mke wangu, yule binti wa Murungu, ananieleza jambo, nami naitikia tu, "Mh, vizuri." Huniuliza kwa upole, "Lori limefika wapi?"

Naweka bisibisi chini, namgeukia, namwomba aanze upya.