Magurudumu Mapana ya Pak Tukijan

Pak Tukijan hakuwa mtu wa kusema hapana. Ukimpa chai yenye sukari ya kuua, ataimaliza na kukusifu. Mkewe, Bu Sarpinah, alikuwa akisema kwamba mumewe akikaribishwa sumu kwa mikono miwili ataomba aongezewe. Huko Malang, Indonesia, ambako mzee huitwa Pak na mama huitwa Bu, adabu ni kitu kikubwa, sikatai, lakini mzee huyu aliizidisha.

Maisha yake yote alishona viti vya magari katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Vijana wenye Corolla kuukuu, waliomwita Baba Mkubwa, walijazana pale kila Jumapili, kwa sababu hakuna mwingine waliyemwamini kukifumua kiti cha zamani na kukirudisha kikakalika. Kwenye kazi tu ndipo alipokuwa na ulimi. Kijana akiharibu sponji kwa kukaa upande, Pak Tukijan alimsema mbele ya wenzake mpaka akaona haya, kisha akamshonea upya. Mwenyewe alikuwa na Corolla ya kijani, ya mwaka 1981, na kila asubuhi ilimpeleka Bu Sarpinah sokoni na vikapu vyake vya tempe, ile soya iliyochachushwa na kufungwa kwenye majani ya mgomba.

Mwaka jana akapata kiharusi. Akapona, Mungu ni mwema, ila mkono wa kushoto ukabaki mlegevu. Sindano ikamshinda, cherehani akaifunika kitambaa. Kazi iliyombakia ilikuwa moja, kumpeleka mkewe sokoni.

"Nikimfikisha Sarpinah sokoni," alimwambia jirani, "najua leo bado mimi ni mume wa mtu."

Vijana wakataka kumfurahisha. Yoyok, mchomeleaji mwenye tumbo kubwa na moyo mkubwa zaidi, ndiye aliyewaongoza. Wakaja saba, siku ya Jumapili, na magurudumu manne, rimu pana zinazong'aa na matairi mapana ya kuzijaza. Pak Tukijan alikuwa akiyatazama magurudumu ya namna hiyo kwenye magari ya wenzake kwa miaka, na kila alipotaka kununua, kulikuwa na mtoto wa kupeleka shule.

Kazi haikuwa nyepesi. Matairi yalikuwa yakikwaruza ukingo wa ndani wa madigadi. Mmoja akataka kuukata kwa mashine, na Yoyok akamfukuza.

"Ukate bodi ya Baba Mkubwa? Kata sikio lako kwanza."

Akaenda kuazima mchi kwa jirani anayeuza mihogo ya kutwanga. Wakauingiza kati ya tairi na madigadi, wakalisukuma gari polepole mbele na nyuma, na mchi ukaukunja ule ukingo kwenda juu bila kuumiza rangi.

"Mchi wangu urudi hauna grisi!" jirani akapaza sauti kutoka uani.

"Mihogo yako itateleza vizuri, mama," Yoyok akamjibu.

Bu Sarpinah akapika wali wa manjano, watu wakala. Gari likakaa chini, pana, zuri kuliko lilivyowahi kuwa. Pak Tukijan akalizunguka akilia waziwazi, bila kujificha. Hakuwa na mtoto wa kiume, na siku ile aliona amepata saba.

Kesho yake asubuhi ndipo alipojua. Gari lile ni la zamani, usukani wake hausaidiwi na kitu ila mikono ya dereva, na tairi pana huuzidishia uzito. Barabarani lilikwenda. Kwenye kona ya lango la soko, mwendo ulipopungua, usukani ukagoma. Akauvuta kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukateleza. Gari likasimama likiwa limeziba njia, nyuma honi zinalia, hadi wachukuzi walipoingiza mikono dirishani na kumgeuzia.

"Mzee, na gari limevaa viatu vya sherehe namna hii!" mmoja akamtania.

Tangu siku ile gari likakaa uani chini ya turubai. Vijana walipouliza, alisema anaogopa vumbi. Walipouliza tena, alisema daktari amemwambia atembee. Bu Sarpinah akawa anakwenda sokoni kwa pikipiki ya kukodi, vikapu mapajani, na masika yalikuwa yameanza.

"Waambie," akamwambia mumewe jioni moja, akikamua maji kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Niwaambie nini? Wamejinyima wanipe, mimi niseme zawadi yenu mbaya?"

"Si mbaya. Ni nzito."

"Kwao ni kitu kilekile."

"Haya, kufa na tai shingoni. Ila anayelowa ni mimi."

Usiku huo Pak Tukijan hakulala vizuri, maana kweli aliyekuwa akilowa ni mkewe.

Basi mficha uchi hazai. Kundi la vijana wa Corolla likaadhimisha siku yake ya kila mwaka, na Yoyok akaja na magari kumi nyuma yake hadi mlangoni. Msafara unapanda kwenda Batu, mji wa milimani, na gari la mbele ni la Baba Mkubwa.

Pak Tukijan akavaa shati la batiki. Akaingia, akawasha, akashika usukani. Kutoka uani lazima ukunje kulia mara moja. Akavuta. Akavuta tena, usukani ukagoma, na wote walikuwa wakitazama. Akazima injini.

"Yoyok, mwanangu," alisema bila kumtazama. "Magurudumu yenu ni mazuri mno. Mimi siwezi kuyageuza. Mkono hauna nguvu."

Yoyok akainama dirishani. "Tangu lini?"

"Tangu mlipoyafunga."

"Na Mama Mkubwa anakwenda na nini sokoni?"

"Na pikipiki," Bu Sarpinah akajibu kutoka barazani. "Na mvua."

Yoyok akamgeukia Pak Tukijan, uso umemwiva.

"Baba Mkubwa, sisi tukikalia kiti vibaya unatutukana mpaka majirani wanatoka. Leo tumekuharibia gari, unatushukuru. Kwa nini? Sisi ni wageni wako?"

Pak Tukijan akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akampa.

Msafara ukasubiri. Jeki ikaletwa, na magurudumu membamba ya zamani yakatolewa stoo. Mapana mawili ya nyuma wakayaacha, mbele wakarudisha membamba. Pak Tukijan alikaa ndani ya gari akiwasikiliza wakigombania spana, akaona shukrani inamjaa. Alikuwa ameshukuru watu maisha yake yote, kwa mdomo. Hii ilikuwa tofauti. Hii ilimpumzisha.

"Tayari," Yoyok akasema, akijifuta mikono kwenye suruali. "Jaribu."

Akajaribu. Usukani ukazunguka. Akafungua mdomo, na mkewe aliyaona yale maneno yake ya kila siku yanakuja.

"Usinishukuru," Yoyok akamwahi. "Niambie ukweli."

Pak Tukijan akauzungusha usukani mara ya pili, taratibu, akimtazama mkewe aliyesimama barazani.

"Bado ni mzito kidogo," akasema.

Yoyok akacheka hadi tumbo likatikisika, akaenda kuleta pampu ya kuyaongezea upepo matairi ya mbele, usukani uwe mwepesi.