Shavu la Kushoto

Fundi wa makochi yule walimwita Shavu, na wala hakununa, maana shavu lake la kushoto ndilo lilikuwa kopo lake la misumari. Asubuhi anachota konzi ya misumari midogo, anaitupia mdomoni, kazi inaanza. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo yenye sumaku, ulimi unasukuma msumari mmoja mmoja hadi midomoni. Nyundo inaudaka, ta! Kitambaa kimekaa. Mate ndiyo yaliyoufanya msumari uteleze. Miaka ishirini na sita hakumeza hata mmoja, na ole wako umwambie atumie kopo kama watu wengine.

"Huu ni mkono wa tatu," alisema, maneno yakijipenyeza katikati ya chuma.

Mkewe alishona foronya kwenye cherehani humo humo karakanani. Alikuwa na mdomo huyo mama, usicheze naye. "Mji mzima unakalia mate yako," alimwambia. "Mpaka meneja wa benki!" Na kila mchana, kabla ya kufunua sufuria, aliamuru, "Tema misumari, baba, tule." Shavu anatema kwenye kifuniko, wanakula.

Siku moja akaamuru hivyo hivyo, mumewe akabaki kumtazama.

"Tema, chakula kinapoa."

"Nimeshatema."

"Usinitanie, nina njaa mimi."

Akafunua kinywa. Kitupu. Na shavu bado limetuna.

Mungu wangu! Mama wa watu aliacha kifuniko kikaanguka. Akapapasa mbele ya sikio la mumewe, akakuta kitu kigumu kama kifungo cha kochi chini ya kitambaa.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Si haliumi?"

Mwaka mzima! Hapo ndipo mtu unatamani kumzaba kofi, halafu unakumbuka ni shavu hilo hilo. Wateja waliliona, majirani waliliona, mke aliyelala upande huo kila siku aliliona, na wote walisema moyoni, misumari hiyo. Mwenyewe alikuwa anajua, akajitia hamnazo kwa sababu kazi zilikuwa nyingi.

Hospitalini vipimo vilionyesha saratani ya tezi ya mate, na daktari mmoja, mwanamke mpole, akawachorea uso kwenye karatasi. Tezi kubwa za mate ni jozi tatu, alisema: chini ya ulimi, chini ya taya, na hizi kubwa kuliko zote, mbele ya masikio. Kwa siku hutoa mate karibu lita nzima. Hulainisha tonge, huanza kusaga wanga kabla haujafika tumboni, hulinda meno yasioze. Mrija wa tezi hii unamwaga ndani ya shavu, usawa wa magego ya juu, pale pale misumari ilipokaa. Na katikati ya tezi inapita neva inayochezesha uso.

"Ni misumari iliyomletea saratani?" mke aliuliza.

"Sidhani, mama. Ila mngekuja mapema, hiyo neva ningeiokoa."

Walipasua. Nusu ya uso wake ikalegea, pembe ya mdomo ikaning'inia. Ikafuata mionzi, wiki sita, nayo ikakausha tezi nyingine zilizokuwa nzima. Mkate ukawa unamnasa kooni kama sponji. Chumvi hakuisikia tena, maana ulimi mkavu hauonji kitu.

Siku aliyorudi karakanani alichota konzi yake, akaitupia mdomoni. Mingine iliganda kwenye ulimi, mingine ikamponyoka pembeni mwa mdomo, ikadondoka sakafuni mmoja mmoja. Akaiokota, akajaribu tena. Ikadondoka. Mara ya tatu alikaa kwenye fremu tupu ya kochi, akalia kama mtoto, na nusu ya uso haikulia pamoja naye.

"Nimekwisha, mama. Mimi nilikuwa mdomo tu."

Cherehani ilinyamaza. Mkewe alipiga magoti, akaikusanya ile misumari, akaisuuza kwenye ndoo. Halafu yule yule aliyeyatania mate miaka yote akaitia shavuni mwake, akakunja uso kwa ladha ya chuma. Akausogeza msumari mmoja mpaka midomoni, akautoa kwa vidole, ukiwa umelowa, akaunasisha kwenye nyundo ya mumewe.

"Vuta kitambaa," alisema, maneno hayasikiki vizuri.

Mpaka leo wanafanya kazi hivyo. Lakini mchana, anayeamuru sasa ni mume. "Tema, mama." Anatema yote, na bado sufuria halifunuliwi. Kwanza Shavu anaweka kidole gumba mbele ya sikio la mkewe, anabonyeza polepole, kushoto, kisha kulia. Mama yule mwenye mdomo wake hukaa kimya, hata pumzi anaibana, mpaka mumewe aseme hakuna kitu.