Jani la Sale Nililolikataa

Siku moja naikumbuka kila nipitapo langoni mwa chuo kile cha mteremkoni mwa Mlima Meru, mwanangu unayesoma haya, na hata nisipopita naikumbuka. Nilikuwa mwaka wa pili. Chuo kilikuwa na bustani ya miti, ekari chache zenye mimea ya kila namna, kila mmoja na kibao cha jina lake la kitaalamu, nami nilichaguliwa kuwatembeza wageni. Vibao vyote nilivijua kwa kichwa. Kijana ajuaye majina mengi hudhani anajua mambo mengi.

Wakati huo nilikuwa nimemnunia kaka yangu, Anaeli. Baba alituachia shamba la kahawa Nkoaranga, na Anaeli ndiye aliyebaki nyumbani na mama. Mwaka ule aling'oa mibuni yote aliyoipanda baba, akaotesha kabichi, bila kuniuliza. Alikosa, hilo sikufichi. Nikampelekea ujumbe kwamba sina kaka, na likizo mbili sikukanyaga nyumbani.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nikiwatembeza wanafunzi wapya, pamoja na rafiki yangu Theofili, Mchaga wa Marangu. Nikamwona Anaeli akija kati ya miti. Alivaa koti lake la kanisani, viatu vimejaa matope, na kwa mikono miwili alishika jani la sale. Kwetu Wameru, kama kwa jirani zetu Wachaga, aliyekosa hulibeba jani hilo kwenda kuomba radhi, na anayeletewa halikatai, hata kama moyo wake bado unachemka.

"Habari za masomo, mdogo wangu," alisema. "Nimekosa. Mibuni ilikuwa ya baba, nami sikukuuliza. Mama anakuulizia kila siku. Nimekuja na hili."

Wanafunzi wote wakanigeukia. Nami, kwa kutaka kuonekana mtu wa maana, nikanyoosha kidole kwenye masale yaliyooteshwa kando ya njia.

"Hayo hapo, kaka. Tunayo safu nzima, na vibao vyake. Lako nikaliweke wapi?"

Wawili watatu wakacheka. Theofili hakucheka. "Wee, acha mchezo," alininong'oneza. "Sale halirudishwi, bwana. Pokea kwanza, hasira utaendelea nayo baadaye."

"Basi kapokee wewe."

Anaeli alilitazama jani lile kana kwamba ndilo lililoaibishwa, si yeye. "Haya, mdogo wangu. Nimekuja, umeniona." Akaondoka. Nilimtazama mgongo hadi miti ilipomficha, kisha nikaendelea kuwasomea wageni vibao.

Wiki haikuisha baba mdogo akanifuata chuoni. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Unadhani umemkataa Anaeli peke yake?" aliniuliza. "Ukoo huu upo kwa sababu waliokutangulia walilipokea jani hilo hata walipokuwa na haki. Nenda leo."

Nikamjibu kwamba nitakwenda baada ya mitihani. Mitihani ilipokwisha, Anaeli alikuwa amehamia mbali, huko Kiteto, na mkewe na watoto, na mama amemfuata. Nikasema nitakwenda nikipata kazi; nilipoipata nikasema nitakwenda nikipata likizo. Malaria ilimchukua kaka yangu wakati wa masika. Habari ilinifikia imechelewa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika kama ningependa kuipata. Nilifika nikiwa na jani langu mkononi, siku tisa baada ya mazishi. Mama alinipa chai.

Leo naishi Njiro, nyumba yenye ukuta mrefu na vitabu vingi. Watoto wa Anaeli nao wamehamia mji huu huu, Levolosi, na mara nyingine hukutana nao sokoni. "Shikamoo, baba mdogo," husema kwa adabu kamili, kisha hupita. Sikukuu zinanikuta nikisikiliza vicheko vya majirani. Kuhusu mibuni ile, haki bado ni yangu. Ndiyo pekee niliyobaki nayo.

Mwanangu, wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema nini cha kufanya ikiwa mmoja wao hakurudi. Kwa hiyo, akikujia aliyekukosea, mpokee kabla hujamaliza kuyapima makosa yake. Mizani utaikuta palepale kesho, yeye huenda usimkute. Usimjibu kwa maneno ya kuwafurahisha watazamaji, maana wao watakwenda zao na jibu litabaki kwako. Na kama tayari umekwisha kumkataa mtu, funga kitabu hiki uende.

Mungu akupe ulimi mzito wakati wa hasira na miguu myepesi wakati wa kupatana, na habari za ndugu zako zikufikie wangali hai.