Leza ilisema asali yangu ina sukari, nikamshuku mke wangu

Wakuu, nawasalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa, nafuga nyuki upande wa Nyakoe. Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Wafugaji wa kwetu tuna kikundi. Asali tunaikusanya pamoja na kuiuza Keroka kwa jina moja. Kukazuka maneno kwamba kuna mtu anachanganya sukari. Nikiwa mwenyekiti, nilipendekeza kanuni: atakayepatikana atoke kwenye kikundi. Wote waliinua mikono.

Ndipo akaja binti mmoja mtafiti wa chuo kikuu, na mashine ya leza.

Nieleze nilivyoelewa, wataalamu mtanisahihisha. Anatia asali kwenye kichupa na kuipiga mwanga wa leza. Mwanga unaorudi huwa na alama za kitu ulichogusa. Kompyuta inazichora kama mstari wenye vilima vingi. Kisha hesabu za takwimu zinavikusanya vilima vyote, mpaka kila asali inakuwa nukta moja kwenye skrini. Asali zinazofanana, nukta zake hukaa karibu.

Alikuwa tayari na nukta za asali safi, na za asali aliyoitia sukari yeye mwenyewe makusudi, ili mashine ijifunze.

Nukta za wenzangu zilikaa na zile safi. Yangu ikaenda upande wa sukari.

"Rudia, binti yangu," nikasema.

Akarudia mara tatu. Nukta ilikaa palepale.

Ombati, mwenzetu mwenye mdomo, akasema, "Mwenyekiti, leo hata nukta imekukana!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nafikiria ile kanuni.

Binti akanituliza. "Mzee, mashine haisemi wewe ni mwongo. Inasema tu asali yako inafanana na zipi."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mashine haina sababu ya kudanganya. Mimi sijatia sukari. Sasa ni nani?

Wakuu, naona aibu kuandika hili. Asali yangu inashikwa na watu wawili tu, mimi na mke wangu.

Nilimkuta anachambua chinsaga. "Mama Kemunto, umewahi kuongeza kitu kwenye asali?"

Akaacha mboga. "Unaniuliza mimi, Baba Kemunto? Tumezaa pamoja, tumezika pamoja, leo unaniuliza habari ya sukari?"

Nikajitetea kwamba ni mashine inayouliza.

"Basi ije iniulize yenyewe."

Nilifunga na kuomba siku mbili. Nikiri ukweli: nilikuwa namwomba Mungu amfichue mke wangu.

Siku ya tatu nikaketi karibu na mizinga, bila mpango wowote. Nikaona nyuki hawaendi kwenye maua. Wote wanashuka bondeni kwa njia moja. Nikawafuata polepole, magoti haya si ya jana.

Bondeni kuna jirani aliyeanza kupika sukari nguru msimu huu. Nyuki walikuwa wamejaa kwenye masufuria yake ya maji ya miwa. Wengine wamefia humo, wengine wanaruka kurudi kwangu wakiwa wameshiba.

"Mzee, hawa ni wageni wako?" jirani akauliza. "Wamenimaliza!"

Nilimpelekea binti yale maji ya miwa. Akayapima, akasema ndiyo yaliyoivuta nukta yangu.

Kikundi kiliamua nibaki, ila asali yangu ikae kando mpaka nihamishe mizinga. Namshukuru Mungu na wenzangu.

Lakini bado sielewi. Sukari sikuitia, na nyuki hawakupiga kura juu ya kanuni. Asali imetengenezwa na nyuki, na bado mashine ina haki ya kuikataa. Nimemuuliza mchungaji, naye amesema ataliombea.

Nililojifunza ni hili: mashine iliniambia asali yangu inafanana na nini. Neno "mwongo" nililiongeza mimi, nikaenda nalo nyumbani.

Mke wangu amesema amenisamehe. Lakini tangu siku ile, akipakua asali anabeba kila kitu mpaka katikati ya uwanja, mbele yangu, ili nione. Namsihi arudi jikoni, anasema nje kuna mwanga mzuri.

Wakuu mliokaa kwenye ndoa miaka mingi, karibuni mseme. Nifanye nini arudi kupakulia ndani?