Nauruzi Aliuliza Atakaa Wapi

Mjukuu wangu, siku ya harusi yangu naikumbuka kwa aibu kuliko kwa furaha, na nyanya yako hajanisamehe kwa kulisema hilo. Sogea nikwambie.

Nilikuwa kijana, fundi wa malori hapa Changamwe, Mwingereza bado hajatuachia nchi. Gerejini tulikuwa na Waafghani wawili. Gulab Khan, Mpashtuni, ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Nauruzi, Mhazara, alikuwa akichomea vyuma. Sisi tukiwaita Wapathani wote, basi.

Mimi nami nilikuwa mdadisi, sikuwa na haya ya kuuliza. Wakati wa chai nikimbana Nauruzi: kwenu mna bahari? Mnakula nini? Mko makabila mangapi? Siku moja akachukua chaki akachora milima kwenye mlango wa lori. Huku Wapashtuni, kule Watajiki, kaskazini Wauzbeki, na katikati, kwenye baridi kali, Wahazara. Nikamuuliza mbona Gulab hakuwa akimwita kwa jina. Akanieleza taratibu kwamba kwao wako wengi wanaomwona Mhazara ni mtu wa kubeba mizigo na kunawisha wenziwe, kisha ale mwisho.

Nilicheka, mwanangu. "Wallahi, mambo gani hayo! Sisi pwani hatuna hayo. Njoo harusini kwangu ujionee."

"Nikija, nitakaa wapi?"

"Popote! Nyumba ni yako."

Akaja, na kanzu mpya. Masinia ya pilau yalikuwa yameshatandazwa mkekani, watu watano watano. Ami zangu walikaa na jamaa zao, watu wa bara karibu na lango, Gulab pamoja na wakubwa. Nauruzi akasimama mlangoni akitazama, na hakuna aliyemsogelea kumpa nafasi. Mimi nilimwona. Nilikuwa ndani ya joho napokea pongezi, sikumwita.

Basi akachukua birika na bakuli, akaanza kunawisha watu. Gulab alinyoosha mikono bila kuinua macho. Wazee wakamsifu kwa unyenyekevu wake, nami nikamsifu, mjinga mimi.

Baadaye nyanya yangu akaniita kutoka uani.

"Labeka, nyanya."

"Hebu tizama. Hawa wageni wa nani?"

Karibu na jiko, Nauruzi alikuwa akila sahani moja na Kazungu, Mgiriama aliyekuwa akitukwelea minazi tangu sijazaliwa. Paka walikuwa wakiwazunguka.

"Kazungu amezoea kula hapa," nikasema.

Nauruzi akainua uso, akatabasamu. "Hata mimi, nimezoea."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikawasihi waingie ndani. Kazungu akasema, "Usijisumbue, bwana harusi, tushashiba."

Nauruzi hakuninunia. Kazini alinisalimu vizuri kila asubuhi, lakini habari za kwao zilikwisha. Milima ile ilifutika mlangoni mwa lori, na hakuchora tena. Nami nilikuwa na maswali tele, nikakosa uso wa kuuliza. Hilo liliniuma sana, maana nilimpenda.

Idi ilipofika nilikwenda mwenyewe kuwachukua yeye na Kazungu, mmoja baada ya mwengine. Nikawakalisha kwenye sinia langu kabla mtu yeyote hajaketi, nikawanawisha. Ami yangu alipowaona akahamia sinia jingine. Nilimwogopa sana ami yangu, lakini siku hiyo nilimwacha ahame. Gulab sikumlaumu tena moyoni. Yeye alifunzwa udogoni, kama mimi nilivyofunzwa, ila mimi nilikuwa sijui kama nimefunzwa.

Tukaanza kula. Kisha Nauruzi akanimegea nyama, akaiweka upande wangu.

"Haya," akasema, "unataka kujua nini tena?"

Mwanangu, uliza habari za watu, uulize sana, mimi sijaacha mpaka leo. Lakini kabla hujacheka jinsi wenzako walivyogawanyika, pita uani kwako kwanza uone nani anakula huko, na tangu lini. Na ukimwalika mtu, usimwambie akae popote. Msogezee mkeka, umshike mkono, umkalishe.

Mola akujaalie nyumba yenye mkeka mpana, na macho ya kumwona aliyesimama mlangoni. Amin.