Ukuta wa Dani

Nyanya yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Dani, alipopooza upande wa kulia, nilitoka Rongo kwenda Rusinga nimebeba michoro yangu miwili. Nilikuwa nimetoka kuonyesha kazi zangu Kisumu, watu wakazisifu sana, na nilitaka yeye pia azione. Mistari yote ilikuwa yake. Nilipokuwa mdogo nilimtazama akikandika nyumba kwa udongo na samadi, kisha akichora mawimbi na pembe za ng'ombe kwa vidole, kwa udongo mwekundu, mweupe, na masizi ya jikoni.

Nilimkuta kitandani katika nyumba ya matofali aliyojengewa na mjomba. Aliukazia macho mchoro wa kwanza.

"Ni ukuta," alisema, ulimi mzito.

"Ndiyo, Dani. Ni ukuta wako."

"Na ndani analala nani?"

Alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. Akaomba arudishwe kwenye nyumba yake ya zamani ya udongo, ambayo kuta zake zilikuwa zimebambuka.

Mjomba alikataa. "Watu watasema nimemtupa mama kwenye tope."

Lakini Dani aligoma kula, mjomba akasalimu amri.

Kila asubuhi nilimketisha nje kwenye kiti cha plastiki, nikaanza kukandika na kuchora. Yeye alielekeza kwa mkono wa kushoto.

"Hapana, nyakwara," alisema. Ndivyo alivyowaita wajukuu wake. "Unachora kama mtu anayetazamwa. Bonyeza."

Nikabonyeza hadi kucha zikauma. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nilijua haitadumu.

Alifariki tulipokuwa tumefika mlangoni, upande wa pili wa mlango ukiwa bado mtupu.

Siku ya kumleta kutoka mochari, jeneza halikupita mlangoni, na kwa mila yetu ilikuwa lazima alale ndani ya nyumba yake kabla ya kuzikwa. Upande mtupu ndio ulioshikilia paa. Mjomba akachukua jembe, akasimama mbele ya ule uliochorwa.

"Nisamehe," akaniambia.

"Piga tu, mjomba."

Alipiga huku akilia kwa sauti, mwanamume niliyedhani hana machozi. Udongo wenye mistari ukaanguka, na wabebaji wakaukanyaga wakipita na Dani.

Wageni walipoondoka, nilibaki. Nikauchora ule upande mtupu peke yangu, bila mtu wa kuniambia nimekosea. Mjomba aliniletea maji kwa ndoo, akaketi kwenye nyasi kunitazama. Hakuuliza kwa nini ninapamba nyumba iliyobomoka.

Mvua za masika ziliiangusha. Mjomba alinipigia simu kunipa habari hiyo, na hakuna kati yetu aliyekata simu hadi salio lake likaisha.