Shawa Iliyozibwa

Bili ya maji ya nyumba yetu ya Kuze ilipopanda tena, nilimwita fundi akaiziba shawa, nami nikaweka ndoo na kopo bafuni. Mume wangu, ambaye hukoga huku akiimba taarabu mwanzo hadi mwisho, alitoka na taulo kiunoni.

"Mke wangu, maji yamekatika?"

"Hayakukatika. Yamo ndooni."

Alininunia hadi chai ya alasiri. Mama yake, aliyekuwa ameketi nasi, akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekukosha kwa kopo mpaka ukaota ndevu. Leo wataka mvua ya peke yako?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia, naye akashindwa kuendelea kununa. Mwezi uliofuata bili ilishuka, na nyimbo zikawa fupi.